Uko Wapi Wengu?

"Kwanza mtenge wengu. Halafu mtoe nyongo kwenye ini kabla kisu hakijagusa kitu kingine. Chengelele zitoke nzima, msizikate. Na tumbo mkalipasulie kule kwenye migomba, si hapa mlangoni."

Mama aliyasema hayo kupitia dirisha la ukumbini, asubuhi ya Idi kubwa, mbuzi ameshachunwa na kupasuliwa chini ya mwembe uani kwetu Ngamiani, Tanga. Kwa miaka yote ninayoikumbuka alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa mikono yake, amekalia kibao cha mbuzi, kanga kiunoni, kisu kidogo kimenolewa tangu jana yake. Mwaka huo hakuweza. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilifunikwa bandeji, la kushoto bado lilikuwa na ukungu likisubiri zamu yake, na daktari alimkataza kuinama, kukaa kwenye moshi na kunyanyua kitu kizito. Akabaki na sauti. Kazi nzima ya mbuzi yule ilibidi ipite kwenye maneno, na huko kwenye maneno ndiko balaa la siku ile lilikoanzia.

Chini ya mwembe walikuwapo wawili. Mmoja ni wifi yangu, mke wa kaka, mzaliwa wa Moshi. Wa pili ni kijana wa dada yetu aliyeolewa Nairobi, amekuja kula Idi kwa bibi yake. Mimi nilikuwa jikoni natwanga tangawizi na kitunguu thomu, nasikia upande huu na upande ule. Mchinjaji alishapokea ujira wake akakimbilia nyumba ya pili. Kaka na wanaume wenzake walishabeba mapaja, mbavu na kidari kwenye sinia, wakaenda navyo mbele ya nyumba penye jiko la mkaa, kuchoma mishkaki. Kilichobaki juu ya majani ya mgomba ni kile Mama anachokiita nyama ya ndani.

"Nyanya amesemaje?" kijana akauliza. Nairobi bibi huitwa nyanya, nasi tulishazoea.

"Amesema tuoshe utumbo," wifi akajibu.

Maagizo manne yakawa moja.

Siwezi kumlaumu wifi yangu, maana mjini neno lililobaki ni hilo. Buchani unaomba nyama, unaomba maini, unaomba utumbo. Ukitaja kingine muuzaji anakutazama usoni. Utumbo kwa haki yake ni ule mrija mrefu wa kupitishia chakula, ambao kwa ng'ombe sehemu yake nyembamba peke yake hufika karibu mita 40. Lakini siku hizi neno hilo limebebeshwa tumbo lenyewe, mapafu, bandama na kila kinachotoka mbavuni kwenda chini, kisha vijana wakalibebesha na maneno ya hovyo: mtu akisema upuuzi anaambiwa anaongea utumbo. Sarufi nayo haikutusaidia. Tumbo katika wingi ni matumbo, na utumbo katika wingi ni matumbo vilevile, kwa hiyo mtu akisema "leta matumbo" hujui kama anataka mfuko au mrija. Kenya wamelimaliza jambo hilo kwa kuviita vyote matumbo, vinapikwa pamoja, vinaliwa kwa ugali na sukuma wiki.

Ndiyo sababu kijana wetu alijiona yuko nyumbani. "Nyanya, usijali, matumbo tunayajua!" akamwambia bibi yake, akakunja mikono ya shati.

Mama akaitikia kwa furaha. Hakujua kwamba kati ya maneno yake na sikio la yule kijana palikuwa na pengo.

Kwa Mama kila jina lilikuwa limebeba kazi yake. Ukimwambia chengelele, anaona zile nyembamba zinazozunguka, ambazo huminywa kwa vidole kutoka juu kwenda chini, hupitishiwa maji kwa ndani, hugeuzwa kwa kijiti, kisha husukwa. Ukimwambia tumbo, anaona kile kifuko kikubwa chenye majani yaliyotafunwa nusu, kinachotaka maji ya moto na kukwanguliwa kwa kisu. Tumbo la mbuzi, kama la ng'ombe na kondoo, lina vyumba vinne, na kila chumba kina ngozi yake ya ndani: kimoja kina vinyweleo, kimoja kina vijumba kama vya nyuki, kimoja kina kurasa kurasa ambamo majani hujificha usipozifunua moja moja. Anayeviita vyote utumbo ataviosha vyote namna moja, na wageni watakula mchanga.

Hapo hapo maji ya bomba yakakatika. Yalikohoa mara moja, yakatoa hewa, yakanyamaza, siku ya Idi, nyumba nzima ina damu mikononi. Nikachukua madumu nikatoka kwenda kisimani kwa jirani. Niliporudi, wifi alikuwa amesimama na mikono juu, kijana amechuchumaa, na ini la mbuzi lilikuwa na rangi ya majani.

Nyongo ni maji machungu ambayo ini lenyewe huyatengeneza. Huyaweka akiba kwenye kifuko kidogo kilichojibanza upande wake wa chini, ili yakahudumie mafuta ya chakula tumboni. Ngamia hana kifuko hicho, na njiwa hana, mbuzi anacho. Utando wake ni mwembamba, na anayejua hukishika shingo kwa vidole viwili, akakata pamoja na kipande kidogo cha ini, akakitupa mbali. Kijana wetu alilaza ini juu ya ubao akaligawa katikati kwa kisu kikubwa, kama anavyoona buchani, ambako ini hufika likiwa limeshatolewa nyongo na mtu mwingine.

"Mbona kimya?" Mama akauliza dirishani.

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza, mbona kimya?"

"Nyongo imemwagika, Mama," nikasema.

"Imemwagikia wapi?"

"Kwenye ini."

Mama alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. "Sikusema mtoe nyongo? Neno la kwanza wengu, la pili nyongo. Sikusema?"

"Ulisema, Nyanya," kijana akajibu, na alikuwa mkweli kabisa. "Lakini mimi nilifikiri unatuambia tusiwe na nyongo siku ya Idi. Nyongo ninayoijua mimi ni ile ya kutema, mtu akiwa na jambo moyoni."

Nililiwaza sana jibu hilo baadaye. Kijana wa miaka kumi na saba, anayezungumza Kiswahili tangu utotoni, anaijua nyongo ya chuki na kinyongo cha siri, ila ile nyongo iliyozaa maneno hayo, ya kijani, ya kushikwa kwa vidole, hajawahi kuonyeshwa. Amerithi kivuli cha neno. Bibi yake alianzia upande wa pili. Alipokuwa msichana alikiona kifuko kile kila palipochinjwa, na alipokuja kusoma kwenye kanga "nyongo mkalia ini" hakuhitaji kufafanuliwa. Mtu uliye naye karibu hivyo, aliyelala juu ya ini lako, ni wa kupendwa na ni wa kushikwa kwa uangalifu, kwa kuwa akipasuka huna pa kumfutia.

Lakini asubuhi ile Mama hakuwa na hamu ya kanga. Alikuwa na njaa, jicho linamwasha, na ini la Idi limeharibika. Akamgeukia mkwewe. "Na wewe, mke wa mtu mzima, mama wa watoto, hujui nyongo inakaa wapi?"

Wifi hakujibu. Aliweka beseni chini, akaja jikoni, akasimama karibu na kuta za makuti akitazama upande. "Wifi," akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama amenikata maini."

Hayo ndiyo maneno aliyoyachagua, na nadhani hakujua kwamba alikuwa anayasema mbele ya ini lililokatwa kweli. Waswahili tumeliweka ini mahali pa uchungu wa mapenzi na huzuni. Maneno makali huyakata maini, yakaacha moyo mzima. Wazulu wana neno isibindi, ambalo ni ini na ni ushujaa kwa pamoja. Waarabu wakimtaja mtoto wao kwa mapenzi husema ni kipande cha ini lao. Watu wamefungua wanyama tangu zamani, wakaikuta nyama ile nzito, yenye joto na iliyojaa damu, na kila kabila likaona humo ndimo mlimo na jambo.

Wifi naye alikuwa na haki ya kuumia. Kwao Moshi kuchinja ni kazi ya wanaume, na kugawa ni kazi nyeti: kila sehemu ya mnyama ina mwenyewe kwa mujibu wa ukoo, na nyama hufika kwa mwanamke ikiwa imeshapita kwenye mgawo. Amekua akijua kipande gani ni cha nani, na ukikosea hapo unaweza kuvunja undugu. Kifuko cha nyongo hakikuwahi kufika mikononi mwake. Nilitoka nikamweleza Mama hivyo, pale pale dirishani. Alinyamaza. Kisha akasema, "Mwiteni aje anishike mkono anipeleke kwenye kiti. Na mnipigie simu Maskati."

Maskati yuko mama mdogo, mdogo wake Mama wa tumbo moja, aliyehamia Omani kwa ndoa zamani sana. Huko saa ziko mbele yetu kwa saa moja, na Idi kwao ilikuwa imeshafika kwenye vikombe vya kahawa. Simu ya picha ikaita, akaonekana na buibui lake jeusi na hina mpya mikononi. Mama alimweleza kwa maneno machache. Mwenye mikono hana majina, mwenye majina hana macho. Sasa akapatikana mwenye majina na macho, ila yuko ng'ambo ya bahari.

"Nielekezee simu kwenye ini," mama mdogo akasema. "Karibu. Karibu zaidi. Msiliguse kwa maji! Maji yataitembeza nyongo. Mwanangu, chukua kisu kidogo. Kata pote palipogeuka rangi, na uzidishe upana wa kidole. Usilionee huruma. Ukishakata, ndipo uoshe, kisha chumvi na ndimu."

Wifi ndiye aliyechukua kisu. Alikata taratibu, bila kusema, na nusu ya ini ikaenda shimoni kwenye migomba. Nusu iliyobaki ikawa safi.

"Haya, nionyesheni na vingine." Simu ikapita juu ya majani ya mgomba, na mama mdogo akawa anataja kama mtu anayesalimia watu anaowafahamu. Hayo mapafu, yakatwe vipande vikubwa kwa kuwa yanasinyaa. Huo moyo, upasuliwe utolewe damu iliyoganda. Hizo figo, zivueni utando wake. Kile kibofu, kitupeni. Zile nyeupe zilizosokotana ndizo chengelele.

Kijana alikuwa anafuata kwa makini, na hapa akachangia jambo zuri. Rafiki zake Wakikuyu, alisema, nao ini huliita ini, na figo huiita higo. Basi mama mdogo akafurahi mpaka hina ikaonekana yote. Hakushangaa, wala mimi sikushangaa. Maneno haya ni ya kale kuliko mji wowote wa pwani. Wanaisimu wanaozilinganisha lugha za Kibantu wameyarudisha ini na figo hadi kwenye lugha mama iliyozizaa zote, na katika majedwali yao yamo pamoja na moto, mtu na mti. Tulikopa roho, tulikopa akili na fahamu kutoka Kiarabu; katika ushairi tulikopa hata kalbi tukaiweka kando ya moyo. Vya ndani ya mwili wa mbuzi hatukumwomba mtu majina. Neno ndani lenyewe linatoka humo. Katika lugha nyingi za jamaa zetu nda ni tumbo: Wakikuyu husema nda, Wanyarwanda husema inda. Kiswahili kililisahau neno hilo peke yake kikalihifadhi na kiambishi chake cha mahali, nda-ni, tumboni. Kila siku tunasema tuko ndani ya nyumba, na tumbo la mama limo humo kwenye neno.

Lakini yule kijana alikuwa na lake zaidi. Zile chengelele alikuwa ameshazikata vipande vya dhiraa dhiraa na ameanza kufunga ncha moja ya kila kipande kwa uzi. Alikusudia kutupikia mutura, ile ya kujazwa nyama na kuchomwa ambayo mitaani Nairobi huuzwa jioni kwenye majiko ya mkaa. "Hatutatia damu, Nyanya," akawahi kusema. "Nyama tu na pilipili na dania."

Neno damu likamfikia Mama kitini. "Nani ametaja damu?"

"Amesema hatatia, dada," mama mdogo akajibu kutoka Maskati. "Na damu tuliyoruhusiwa tunayo. Mizoga miwili na damu mbili." Hadithi hiyo ya Mtume wazee wetu wanaijua kwa moyo, maana inahusu jiko lao: katika mizoga tumehalalishiwa samaki na nzige, na katika damu tumehalalishiwa ini na bandama. Mama mdogo alipofika hapo akasita. Akasogeza uso kwenye simu. "Jamani. Hebu pitisheni tena simu. Ini nimeliona. Wengu uko wapi?"

"Uko wapi wengu?" Mama naye akauliza, akanyanyuka.

Tukatazamana. Wengu ni bandama. Makamusi yanayaweka kama majina mawili ya kitu kimoja, na mtu wa leo akijua moja basi ni bandama. Kwa Mama si kitu kimoja. Wengu ni wa mnyama, unaliwa. Bandama ni ugonjwa. Alizaliwa upande wa Muheza, chini ya milima ya Amani, na katika utoto wake mtoto aliyeandamwa na homa za mara kwa mara alivimba ubavu wa kushoto, tumbo likatangulia mbele, na watu wakasema ana bandama. Ndivyo malaria inavyofanya: bandama ndilo linalochuja damu na kuondoa chembe zilizochakaa na zilizoharibiwa na vimelea, na homa zikirudiarudia linaelemewa na kukua. Madaktari wa wakati ule waliwalaza watoto wakawabonyeza chini ya mbavu za kushoto, wakahesabu, na kwa hesabu hiyo wakajua ukali wa malaria mahali pale. Mkutano wa malaria uliofanyika Kampala mwaka 1950 uliyatumia madaraja ya namna hiyo: sehemu ambayo zaidi ya nusu ya watoto wana bandama lililovimba ilihesabiwa kuwa imekithiri. Mama alikuwa mmoja wa watoto waliobonyezwa. Hakubali mpaka leo kuuita mlo wake kwa jina la maradhi yaliyomuondolea wenzake, nami naona ana haki, makamusi yaseme yasemavyo.

Na ulikuwa mlo wake kweli. Kila Idi wengu huchomwa peke yake, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa chumvi, ndimu na pilipili mbuzi, naye huula kabla ya kitu kingine, kwa sababu ni laini na meno yake ya nyuma yamekwisha. Ndiyo maana ulikuwa neno la kwanza katika maagizo yake.

Tukautafuta. Tulifunua majani ya mgomba. Tulimwaga beseni la mapafu. Kijana aliingia kwenye migomba akachokoa shimo la taka kwa fimbo, akarudi na kipande cha ini lenye nyongo, akakirudisha. Paka wa jirani aliyekuwa amelala ukutani akashtakiwa. Wifi akamtetea, akasema paka huyo hajashuka tangu asubuhi na hata mdomo wake mkavu. Mama mdogo kule Maskati akawa anapiga kelele tumwelekezee simu huku, tumwelekezee simu kule, mpaka sura yake ikawa inaganda na kurudi. "Unakaa umeshikana na tumbo, upande wa kushoto!" anasema. "Ni mwembamba, rangi ya zambarau, una ukubwa wa kiganja! Angalieni kwenye tumbo!" Kwenye tumbo palikuwa na utando uliochanika, na alama ya kisu. Kuna mtu alishaukata.

Katikati ya vurugu hiyo kaka akatokea kwenye ujia, ana pepeo mkononi na masizi usoni. Alikuwa na malalamiko. "Mbuzi huyu mlimnunua kwa nani? Tumechoma kipande cha ini, kimekuwa laini kama sifongo. Tumekila, lakini ini gani lile?"

Hakuna aliyesema neno. Kwenye simu mama mdogo alifunika uso kwa viganja.

"Kilikuwa na rangi gani?" Mama akauliza, pole pole.

"Kama zambarau hivi. Kilikuwa kimening'inia kwenye tumbo, nikakiondoa nikakichukua pamoja na mbavu. Nilijua hamtakihitaji."

"Mmekimaliza?"

"Mama, kilikuwa kidogo."

Mama akakaa. Alianza kwa mguno, nikadhani analia na nikaogopa kwa ajili ya lile jicho lenye bandeji; kumbe ni kicheko, kile chake cha zamani cha kutikisa mabega, na kikawapata wote, mpaka wifi aliyekatwa maini akalazimika kushika mwembe. Wanaume watano wenye umri wao, wenye kusoma kila gazeti, wamekula wengu wakidhani ini, na hakuna hata mmoja mbele ya jiko lile aliyeweza kuwaambia walichotia mdomoni.

Kazi ilikuwa bado. Tumbo lilikuwa linangoja, na hapo wifi akashika hatamu. Mama alimweleza mara moja tu kuhusu maji: yawe ya moto kiasi kwamba kidole hakivumilii, lakini yasitokote, kwani yakitokota ile ngozi nyeusi hushikilia na haibanduki tena. Wifi alijaribu maji kwa kidole, akaongeza kata moja ya baridi, akatumbukiza, akahesabu kimoyomoyo, akatoa. Ngozi ikabanduka chini ya kisu ukurasa kwa ukurasa, ikaacha nyama nyeupe. Mama alinyoosha mkono akapapasa, akapitisha dole gumba ndani ya kila mkunjo, akapapasa tena. "Hapa hakuna mchanga," akasema. Nilimwona wifi akishusha mabega.

Chengelele zilizokatwa hazikusukwa tena. Tuliziosha hivyo hivyo, tukazifunga vifundo, tukazitia chunguni na tumbo, mapafu na moyo, kwa tangawizi, kitunguu thomu na ndimu. Zilipokuwa zinalainika wifi akauliza kwa adabu kama anaweza kutia ndizi mbichi, kama kwao. Mama hakuwahi kupika utumbo kwa ndizi katika nyumba ile. Alifikiri kidogo, akasema ndizi zimo kwenye migomba yake mwenyewe, zikatwe. Kijana akaenda kuzikata. Nikakamua nazi, tui la kwanza likawekwa kando la kumalizia, na kufika alasiri chungu kilikuwa kinatoa harufu iliyomtoa kaka mbele ya nyumba kwa mara ya pili.

Safari hii alikuja mikono imeoshwa. Akatazama kikaango ambamo nusu ile ya ini iliyookoka ilikuwa inakaangwa na vitunguu, akameza mate, akavuta kigoda.

"Wewe kwako ni mchuzi," Mama akamwambia. "Wengu wangu umeshaula. Ini hili ni la waliolikata."

Akaagiza sahani ya kwanza apewe mkwewe, ya pili mjukuu wake. Wifi alimega kipande akamwekea Mama kinywani kwa mkono wake, Mama akatafuna, akasema nyongo haimo. Kaka alikubali mchuzi na ndizi bila kubisha. Ila alipokuwa anakaribia kumaliza aliinua uso na kuuliza kama figo nazo zimebaki.

"Figo zilikuwa mbili," kijana akamjibu, akipangusa mdomo, "na sisi tuliokuwa uani tulikuwa wengi."